Tai Wapo

Njia ya kufika Mbarute sitaieleza. Wanaopenda sana kuelezwa njia, nimegundua, hawana nia ya kwenda, na wenye nia watafika bila mimi. Itoshe kusema kwamba nilifika mwanzoni mwa majira ya baridi, nikakaa siku arobaini na moja, na nikarudi na vidole vyote isipokuwa kimoja cha mguu wa kushoto. Ninayoyaandika hapa niliyaona kwa macho yangu. Naomba msomaji ayakumbuke maneno hayo, kwa macho yangu, kwa sababu ndiyo yaliyoniponza.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mwenyeji wa Pangani. Kwa miaka thelathini na moja niliwafundisha watoto wa watu habari za theluji ambayo sikuwahi kuigusa. Nilichora ubaoni milima yenye vichwa vyeupe, na mtoto akiuliza baridi yake ikoje nilimwambia asome ukurasa unaofuata. Nilipostaafu ikanijia aibu. Nikasikia kwamba iko nchi ya milimani ambako kazi kubwa ya watu, kuliko kulima na kuliko kuchunga, ni kuwatazama tai wa porini wakati wa baridi. Nikasema huko ndiko kwangu. Nilidhani nitakutana na watu wenye akili kama yangu, na katika hilo sikukosea.

Mmbarute akikutana na mwenzake hasemi hujambo. Husema, "Tai wapo?" na mwenzake hujibu, "Wapo." Jibu la pili halipo. Siku yangu ya tatu nilimwona mtu ameteleza kwenye barafu na kuvunjika mguu, mfupa umetokeza, na waliokuja kumbeba walianza kwa kumuuliza kama tai wapo. Akajibu wapo, huku machozi yanamtoka. Nilicheka moyoni, kisha nikakumbuka kwetu, ambako mtu huulizwa habari za nyumbani akajibu njema, salama kabisa, na ndani maiti bado haijazikwa. Nikaacha kucheka.

Watazamaji wa nchi hiyo wana madaraja manne, na kila anayepandishwa cheo husogezwa mbali zaidi na ndege. Jicho la Nne hukaa kwenye kibanda cha mawe mbele ya Jabali la Kidevu, upepo unamchapa usoni kutoka macheo hadi machweo. Jicho la Tatu hukaa mwendo wa nusu saa nyuma yake, hupokea karatasi zake na kuzisahihisha. Jicho la Pili lina ofisi yenye dirisha, ila dirisha lenyewe linaelekea sokoni. Na Jicho la Kwanza, bwana mmoja mnene mwenye sauti ya taratibu aitwaye Mavura, anakaa mjini katika chumba chenye jiko la kuni na mapazia mazito, na hajamwona tai kwa miaka kumi na tisa. Hilo alinieleza mwenyewe bila kuulizwa. Kuwaona ndege, alisema, humvuruga mtu katika maamuzi.

Bwana Mavura ndiye aliyenisimulia chanzo cha mambo yote hayo, na alinisimulia vizuri. Hapo kale watu wa Mbarute waligundua kwamba tai wa Jabali la Kidevu huisikia theluji kabla ya binadamu. Majira yoyote ya baridi ambayo tai walilihama jabali, hazikupita wiki mbili kabla theluji ya juu haijaporomoka na kufukia kila kilichokuwa Bondeni. Kwa hiyo waliweka sheria fupi: watu wawatazame tai, tai wakiondoka, kengele kubwa ipigwe, kengele ikilia, watu wa Bondeni wavuke na kupanda Mgongoni, ng'ambo ya pili, wakae huko hadi ndege warejee. Nimesoma sheria nyingi maishani mwangu. Sijakutana na yenye akili kuliko hiyo.

Lakini miaka hamsini na minane iliyopita kengele ililia na theluji haikuanguka. Watu walikaa Mgongoni siku kumi na moja katika mahema, wazee wawili wakafa kwa baridi, na waliporudi walikuta nyumba zao ziko vilevile, hata vyungu havijaanguka. Mtazamaji aliyeleta habari alifukuzwa nchini. Wakuu wa wakati ule waliapa kwamba jambo hilo halitatokea tena. Niliposikia hivyo nilidhani walimaanisha kengele ya uongo. Kumbe walimaanisha kengele.

Ndipo ilipoanzishwa Huduma ya Nyama. Kila asubuhi wakati wa baridi mbuzi wawili huchinjwa, nyama yao hupandishwa kwa kamba na kutandazwa kwenye ukingo wa jabali, na tai, ambao si wajinga, hukaa. Nilimuuliza Bwana Mavura, kwa adabu niwezavyo, kama haoni kwamba sasa ndege hawakai kwa kuwa mlima umetulia, bali kwa kuwa wameshiba. Hakukasirika. Alifungua kabati akanionyesha madaftari yamepangwa tangu sakafuni hadi darini, na akasema kwamba katika miaka hamsini na minane hakuna siku hata moja ambayo tai hawakuandikwa. Hakuna nchi, alisema, yenye daftari safi kama lile. Nikalisifia daftari, kwa kuwa kweli lilikuwa safi, mwandiko wa kupendeza na mistari imenyooka.

Nilipewa ruhusa ya kukaa kwenye kibanda cha mbele, huko Mgongoni. Huko nilimkuta Nandera.

Nandera alikuwa Jicho la Nne, mwanamke wa miaka arobaini na ushee, mwembamba, mwenye ngozi ya mashavu iliyopasuka kwa baridi na kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe. Hakuwa msemaji. Siku nne za mwanzo aliniambia maneno matatu tu: kaa, nyamaza, tazama. Mimi, niliyezoea kuwaambia watu hayohayo, nilitii.

Na niseme haki yao wale ndege, kwa maana sitapata tena nafasi ya kusema jambo jema. Walikuwa wanane. Asubuhi, kabla jua halijafika kwenye jabali, walikaa wamejikunyata kwenye ukingo, manyoya yamewavimba, kila mmoja kama mzee aliyejifunika kitandani asitake kuamka. Jua lilipogusa jiwe, wa kwanza alijikung'uta, vumbi la theluji likamruka mgongoni. Kisha alijiachia. Hakupiga mabawa. Alijiachia tu kwenye ile hewa tupu, nami kila siku moyo wangu ulishtuka, halafu hewa ikampokea. Shingo zao zilikuwa na rangi ya asali iliyokaa muda mrefu. Walizunguka juu ya weupe ule wote bila sauti, vivuli vyao vikipita kwenye theluji chini, na mimi kikongwe wa Pangani nililia ndani ya skafu yangu, na machozi yakaganda.

Nandera aliwajua mmoja mmoja. Sheria hairuhusu kuwapa majina, ila mmoja, jike kubwa lililopungukiwa unyoya kwenye bawa la kulia, alimwita Pengo. Aliniambia hilo wiki ya pili, akitazama pembeni kana kwamba ameungama dhambi. Wiki hiyohiyo aliniambia pia kwamba mama yake, Bi Kizuwa, anaishi Bondeni, nyumba ya tatu kutoka kisimani, chini kabisa ya jabali, na kwamba hawezi kutembea. Alikuwa Jicho la Nne kwa miaka ishirini na sita, hadi baridi ilipomla miguu. Nyumba za Bondeni zilikuwa sitini na mbili. Kutoka kibandani tulizitazama kwa chini, na Nandera alinionyesha moshi wa mama yake.

Siku ya thelathini ukungu ulishuka. Ulikaa siku tatu. Asubuhi ya nne ukaondoka ghafla, na jabali likaonekana lote, limeoshwa. Nyama ya siku tatu ilikuwa imetandazwa kwenye ukingo, imeganda, haijaguswa. Tai hawakuwapo.

Nandera alitazama kutwa nzima bila kukaa. Mimi nilichukua darubini yangu nikayapandisha macho polepole hadi juu ya jabali, kwenye ule mteremko mpana wa theluji, na hapo nikaona mstari wa buluu umekatiza kutoka upande huu hadi ule, mwembamba kama ulioandikwa kwa kalamu. Nilimwonyesha. Aliutazama, akanirudishia darubini. Hadi machweo ule mstari ulikuwa na upana wa kidole.

Sasa inanipasa kueleza karatasi. Karatasi ya mtazamaji ina safu tatu: saa, idadi ya tai, na tai walikuwa wakifanya nini. Mtazamaji akianza kazi hula kiapo kwamba ataandika alichokiona na hataandika kingine. Jioni ile Nandera aliandika kwamba tai hawapo. Karatasi ilirudi kutoka kwa Jicho la Tatu imepigwa mstari mwekundu: kutokuwapo hakuonekani, andika ulichokiona. Akaandika sifuri. Ikarudi tena: sifuri si tai. Akaipeleka tupu. Ikarudi mara ya tatu, na safari hii kwa barua, kwamba karatasi tupu si taarifa, na mtazamaji ajieleze kwa nini hakufanya kazi.

Baada ya karatasi hizo tatu, Baraza la Macho liliitishwa mjini. Nilihudhuria kama mgeni, nikapewa kiti karibu na jiko. Majadiliano yalichukua siku mbili, na nayaandika kwa ufupi kwa sababu msomaji hana kosa alilonitendea. Siku ya kwanza ilikwisha katika swali kama mtu anaweza kumwona tai ambaye hayupo. Mjumbe mmoja, kijana msomi sana, alionyesha kwa hoja nzito kwamba haiwezekani, na akapigiwa makofi. Mwingine alisema basi ndege wangeandikwa kwamba wapo lakini wamejificha. Alipingwa kwa kuwa kujificha ni tendo, na tendo lisiloonekana haliingii safu ya tatu. Siku ya pili walijadili nyama. Ilipendekezwa kwamba mbuzi wawe wanne badala ya wawili, na wote waliafiki. Ilipendekezwa pia kwamba wawe wanono.

Nikaomba nafasi ya kusema. Nilisimama na kuwaeleza, kwa sauti yangu ya darasani, kwamba theluji ya juu imepasuka, kwamba ufa unapanuka, na kwamba jua kali likipiga asubuhi moja tu, kipande chote kile kitashuka Bondeni. Nilichora kwa kidole kwenye vumbi la meza. Walinisikiliza vizuri mno. Bwana Mavura alinishukuru kwa elimu niliyowaletea, kisha akauliza kama huo ufa una mabawa. Nikasema hauna. Akasema, kwa masikitiko ya kweli, kwamba basi hauko chini ya Baraza hili.

Uamuzi ulisomwa mchana. Mbuzi wanne. Nandera aonywe kwa karatasi tupu na anyang'anywe unyoya wa kofiani, alama ya heshima ya mtazamaji. Alikuwa amesimama mlangoni tangu asubuhi ya jana, maana Jicho la Nne haliketi mbele ya mengine. Alichomoa unyoya mwenyewe, akauweka mezani, akatoka.

Kutoka mjini tulishuka moja kwa moja hadi Bondeni. Alitaka kumchukua mama yake kwa nguvu ikibidi, ambebe mgongoni hadi Mgongoni. Sheria ilikuwa wazi kwa hilo: anayehama kabla ya kengele amewaita tai waongo, na mlango wa nyumba yake hung'olewa usirudishwe. Nandera alisema waung'oe.

Bi Kizuwa alikuwa ameketi karibu na moto, miguu, au kilichosalia cha miguu, imeviringishwa katika blanketi jekundu lenye michirizi myeusi. Alikuwa mzee msafi, macho maangavu kuliko ya binti yake. Nilimwamkia shikamoo kwa mazoea ya kwetu, naye akacheka kwa kuwa hakuelewa, ila akanishika mkono. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Tai wapo?"

Nandera alivua kofia.

"Hawapo, mama."

Sijui kama neno hilo liliwahi kutamkwa ndani ya nyumba ile. Bi Kizuwa alimtazama binti yake kwa muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Kengele imelia?"

"Haijalia."

"Basi wapo."

Nandera alipiga magoti. Alimweleza juu ya nyama iliyoganda, juu ya ufa, juu ya Baraza. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Alisema kwamba kwa miaka ishirini na sita alikaa kwenye kibanda kile ili kengele ilie kwa haki, na miguu yake iko kule, na kama sasa ataondoka kwa maneno ya mtu mmoja, hata awe mtoto aliyemzaa, basi miguu yake ilipotea bure. Kengele ikilia, alisema, atatambaa kwa mikono yake, na Bondeni yote itatoka pamoja naye. Isipolia hatatoka. Nandera alipojaribu kumwinua alishika nguzo ya nyumba kwa mikono miwili, akaishika kimya kimya, na majirani wakaanza kukusanyika mlangoni wakiulizana kama tai wapo, na kujibiana kwamba wapo.

Tulirudi Mgongoni. Jua lilikuwa bado liko juu. Tulipofika kibandani Nandera alitoa karatasi mpya, akaijaza, akaniwekea mbele.

Aliandika kwamba siku ya thelathini na tatu, saa moja asubuhi, ukungu ulipokuwa ukifunguka, tai wanane walionekana wakiondoka kuelekea kusini.

Alinieleza taratibu, kama anayeogopa nitakimbia. Sheria ya kale haijafutwa. Tai wakionekana wakiondoka, na karatasi ikiwa na sahihi mbili, moja ya mtazamaji na nyingine ya mtu asiye ndugu yake, kengele hupigwa papo hapo bila Baraza kuulizwa. Jicho la Tatu ndilo lenye ufunguo wa chumba cha kengele, na lilikuwa limemwambia wazi: niletee sahihi mbili, hata sasa hivi, nitakupa ufunguo wala sitauliza. Nandera alikuwa amewaendea watazamaji wengine sita. Wote walikuwa na watoto na vyeo, na wote walimjibu kwamba tai wapo.

"Wewe hawawezi kukufanya kitu," alisema. "Wewe utaondoka."

"Lakini sikuwaona wakiondoka, Nandera."

"Wameondoka au hawakuondoka?"

"Wameondoka."

"Basi andika, Mwalimu."

Nitamweleza msomaji kilichokuwa moyoni mwangu, ingawa hakinipi sifa. Kwa miaka thelathini na moja sijampa mwanafunzi alama ambayo hakuipata. Niliwahi kumfelisha mtoto wa ndugu yangu wa tumbo moja, na nyumbani hawakunisemesha mwaka mzima, nami nikaibeba hiyo kama nishani. Mkono wangu haujawahi kuandika jambo ambalo silijui kuwa kweli. Niliitazama ile karatasi, saa moja asubuhi, kusini, na nikajua kwamba saa moja asubuhi ile nilikuwa nimelala ndani ya mablanketi matatu, na kwamba kusini ni neno alilochagua tu. Nikaona uchafu. Nyumba sitini na mbili zilikuwa mbele ya macho yangu, moshi unapanda, na mimi nikaona uchafu wa neno moja.

Sikumwambia hapana. Ningemwambia hapana labda angetafuta mtu mwingine, labda angevunja mlango wa kengele kwa shoka. Nilimwambia anipe hadi asubuhi nifikirie namna ya kuiandika.

"Namna gani?" aliuliza.

Nikasema namna ambayo itakuwa kweli.

Alinitazama kama mama yake alivyomtazama yeye. Akaikunja karatasi, akaitia kifuani, akasema sawa.

Asubuhi niliamka mapema, nikaketi mezani katika nyumba ya wageni pale Mgongoni, nikaanza kuandika. Niliandika kwamba mimi, fulani binti fulani, sikuwaona tai wakiondoka, ila kwa kuzingatia nyama ambayo haikuguswa, na kwa kuzingatia ufa, nina sababu za kutosha kuamini kwamba kuondoka kulitokea katika muda ambao kuona hakukuwezekana. Nikaifuta "za kutosha" nikaandika "nzito". Nikaona "nzito" inatia chumvi, nikarudisha "za kutosha". Nilikuwa nimeridhika na sentensi ile. Dirishani anga lilikuwa limetakata, buluu tupu, na jua la kwanza lenye joto tangu nifike lilikuwa likishuka taratibu kwenye mteremko.

Haikuwa sauti kubwa. Kwa watoto nilikuwa nikisema ngurumo. Watoto hao wote niliwadanganya. Ilikuwa kama mtu anavuta zulia zito sakafuni, kwa muda mrefu, katika chumba cha pili. Nilipofika nje kulikuwa na wingu jeupe limesimama juu ya Bondeni, nalo lilikaa pale likitua polepole. Lilipotua hapakuwa na moshi. Hapakuwa na kisima, wala nyumba ya tatu kutoka kisimani, wala ya kwanza, wala ya sitini na mbili.

Karatasi yangu ilikuwa bado mkononi, wino haujakauka.

Siku nne tulichimba, wale tuliokuwa Mgongoni na waliotoka mjini. Tulitoa watu kumi na watatu, na mmoja tu alikuwa akipumua, naye hakufika jioni. Siku ya tano Bwana Mavura alikuja hadi mwisho wa njia, amevaa makoti mawili, akasimama na kulia. Nataka niseme hivyo kwa haki yake, alilia kweli, mabega yakamtikisika. Kisha akauliza kama karatasi za siku zile zimeshapelekwa.

Nandera hakuchimba nasi siku zote nne. Siku ile ya kwanza alichimba kwa mikono hadi kucha zikang'oka, halafu akarudi kibandani na kuketi mahali pake, na hakuondoka tena. Nilimpelekea uji hakunywa. Nilimwambia maneno ambayo watu huambiana, nikamwomba msamaha, nikasema nilikuwa tayari kutia sahihi, nilikuwa naandika, ilibaki sentensi moja. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Siku ya arobaini, mchana, tai walirudi.

Walikuja kutoka magharibi, si kusini, mmoja nyuma ya mwingine, wakazunguka mara mbili juu ya ule weupe uliovurugika, halafu hawakwenda kwenye jabali. Walishuka Bondeni. Walitua pembeni mwa rundo, pale theluji ilipoanza kuyeyuka na kuachia vilivyomo, wakakunja mabawa na kuanza kula. Mimi nilikuwa na darubini. Pengo alikuwa mbele, namjua kwa lile bawa, ameshikilia kitu kwa makucha na anakivuta kwa mdomo, anarudi nyuma, anavuta tena. Kilikuwa chekundu, nami nikajiambia ni nyama. Kilipofunguka nikaona ile michirizi myeusi.

Nandera alikuwa hana darubini, lakini macho yake hayakuihitaji. Alitazama kwa muda ambao sheria inataka, yaani hesabu ya mia moja, midomo yake ikihesabu. Kisha akachukua karatasi. Saa: saba mchana. Idadi ya tai: wanane. Walikuwa wakifanya nini: wametulia, wanakula. Akatia sahihi yake kwa vile vidole vilivyofungwa vitambaa, akaisukuma karatasi upande wangu, pamoja na kalamu. Sahihi ya pili haikuhitajika kwa taarifa ya kawaida. Alijua hivyo, na mimi nilijua.

"Hili umeliona, Mwalimu," alisema.

Jicho la Tatu lilipopata karatasi halikuwa na cha kusahihisha. Kengele ndogo, ile inayopigwa kila tai wanapoandikwa, ililia saa tisa, na kote Mgongoni watu waliokuwa na majembe na machela walisimama, wakatazamana, wakaulizana na kujibiana kama kawaida. Mimi niliondoka Mbarute kesho yake. Nilitaka kumaliza habari hii kwa kusema kwamba nilikataa ile kalamu, nikaivunja, nikaitupa jabalini. Lakini nimeahidi kuandika nilichokiona. Niliichukua nikatia sahihi, jina langu kamili, kwa ule mwandiko wangu wa ubaoni ambao kila mtu anaweza kuusoma.